Baada ya Mtoto wa Mwisho: Saratani ya Mlango wa Kizazi kwa Wanawake wa Umri wa Kati Mkoani Simiyu

Huduma za afya, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, zimemzoea mwanamke wa Simiyu akiwa mzazi. Akiwa mjamzito hupimwa damu na mkojo na kuandikiwa kadi ya kliniki, akijifungua hupokewa na mkunga, na kwa miaka kadhaa baadaye huonekana kila mara kwenye foleni akiwa amembeba mtoto wa kupimwa uzito na kuchanjwa. Mtoto wa mwisho akishamaliza chanjo zake, kadi huingia sandukuni na safari za zahanati hukoma, isipokuwa pale malaria inapombana au anapoletewa mjukuu wa kulea. Katika kipindi hicho ambacho jina lake limetoweka kwenye rejista, ndipo saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuwaua wanawake kuliko saratani nyingine yoyote nchini Tanzania, hufikia hatua ya kujitokeza. Vifaa na watumishi vinahitajika, na havijatosha, lakini sehemu kubwa ya ugumu wa kuudhibiti ugonjwa huu huko Bariadi na wilaya jirani inatokana na pengo hilo, kwani mfumo humtafuta mwanamke wakati anapozaa na kumwacha wakati anapoanza kuwa hatarini.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, kwa kuziunganisha wilaya zilizokuwa Shinyanga na eneo la Busega lililokuwa chini ya Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1, wengi wao Wasukuma wanaoishi kwa pamba, mahindi, mtama, mpunga na mifugo, katika vijiji vilivyotawanyika kutoka mwambao wa Ziwa Victoria huko Busega hadi mbuga za Meatu. Kwa Tanzania nzima, makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika na saratani hii kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufariki, na uwiano huo wa vifo kwa wagonjwa wapya unatosha kueleza kwamba wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Duniani kote mwaka 2022 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa 660,000 na vifo 350,000, sehemu kubwa sana ikiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayochomoza kwenye uke mithili ya mdomo wa chupa, na ndani yake umepita mfereji mwembamba unaopitisha damu ya hedhi na kufunguka wakati wa kujifungua. Karibu saratani zote za mahali hapo husababishwa na virusi vya papiloma ya binadamu, ambavyo wataalamu huviita kwa kifupi HPV na ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, wakaonyesha kwamba aina hizo mbili zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Vinasaba vya aina ya 18 vilikutwa pia ndani ya seli zilizokuwa zikioteshwa maabara kwa zaidi ya miaka 30, zilizochukuliwa Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi mwenye watoto watano aliyefariki kwa saratani hii mwaka 1951 akiwa na umri wa miaka 31, bila yeye wala familia yake kuombwa ridhaa.

Maambukizi ya virusi hivi ni ya kawaida kiasi kwamba watu wengi wanaojamiiana huyapata wakati fulani wa maisha, na kwa walio wengi kinga ya mwili huyaondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili bila dalili yoyote. Hatari iko kwa wachache ambao virusi hubaki kwao, vikibadilisha taratibu seli za mlango wa kizazi hadi ziwe kile kinachoitwa mabadiliko ya awali, yaani hali ambayo bado si saratani lakini huweza kuwa saratani isipotibiwa. Kwa mwanamke mwenye kinga imara safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye maambukizi ya VVU ambayo hayajadhibitiwa huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Kuzaa mara nyingi, kuanza kujamiiana katika umri mdogo na kuvuta sigara huongeza uwezekano wa maambukizi kudumu au kugeuka saratani, na mkoa wa Simiyu umekuwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha uzazi nchini, huku ndoa za mapema na za wake wengi zikiwa bado hai. Maelezo haya yasigeuzwe kuwa hukumu ya tabia, kosa ambalo hata wahudumu wa afya hulifanya, kwa sababu mwanamke aliyeishi na mume mmoja tangu ujana wake huweza kupata virusi kutoka kwa mume huyo, ambaye naye huenda aliambukizwa miaka mingi kabla ya kumwoa.

Mwendo huo wa polepole ndio unaoupa uchunguzi thamani yake, na ndio unaoeleza kwa nini umri wa miaka 30 hadi 50 hupewa kipaumbele nchini. Kumpima kila msichana wa miaka 20 kungebaini maambukizi mengi ambayo yangeondoka yenyewe, ilhali kusubiri hadi miaka 55 ni kuukuta ugonjwa umekwisha kukomaa. Kuna sababu nyingine, isiyotajwa sana katika matangazo ya redio. Mabadiliko ya awali huanzia karibu kila mara katika ukanda mwembamba ambapo seli bapa za nje ya mlango wa kizazi hukutana na seli ndefu za ndani ya mfereji, na ukanda huo, uitwao eneo la mabadiliko, huonekana wazi kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Homoni zinapopungua kuelekea ukomo wa hedhi, ukanda hurudi ndani ya mfereji na kujificha, hivyo kipimo cha kutazama kwa macho hupoteza uwezo wake kwa mwanamke yule yule ambaye hatari yake inazidi kupanda.

Kipimo hicho cha macho ndicho kilichoenea zaidi nchini, na kimetumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kusambazwa mikoani. Mhudumu aliyefunzwa, ambaye mara nyingi ni muuguzi, humlaza mwanamke kitandani, huingiza kifaa cha kupanua uke ili mlango wa kizazi uonekane, huupaka asidi hafifu ya asetiki, ambayo ndiyo iliyomo pia kwenye siki ya mezani, kisha husubiri dakika moja hivi chini ya mwanga mkali. Seli zilizobadilika huwa nyeupe na kingo zake hujitenga na nyama yenye afya inayobaki ya waridi. Majibu hutoka hapo hapo, na asiyekutwa na tatizo huelekezwa kurudi baada ya miaka mitatu, au kila mwaka iwapo anaishi na VVU.

Aliyekutwa na weupe mdogo, usioingia kwenye mfereji na usiotiliwa shaka ya saratani, huweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Tiba mgando huigandisha sehemu iliyobadilika kwa gesi baridi, hugandishwa dakika tatu, huachwa iyeyuke dakika tano na kugandishwa tena, na seli zilizoathirika hufa na kuachia nafasi seli mpya. Udhaifu wake uko kwenye mtungi, kwani gesi ikiisha katika kituo kilicho mbali na mji, huduma husimama hadi gari lipatikane. Kwa sababu hiyo tiba joto, inayotumia kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi 100 na zaidi kwa chini ya dakika moja na inayoweza kuendeshwa kwa betri, inaufaa zaidi mkoa kama huu, na ni haki kusema kwamba ilichelewa kufika vijijini. Kidonda kikubwa zaidi hukatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, kazi inayohitaji daktari na kwa kawaida hufanyika hospitalini. Kupona kwa tiba hizi ni kwepesi kuliko wengi wanavyohofia: majimaji mengi hutoka ukeni kwa wiki kadhaa, na mwanamke hushauriwa kutojamiiana kwa muda wa wiki nne hadi sita. Sharti hilo dogo ndilo linalowashinda baadhi ya wanawake, kwa kuwa hulazimika kumweleza mume jambo ambalo hawakuwa wamemshirikisha, na ndiyo maana mhudumu mwenye busara huuliza habari za nyumbani kabla ya kuwasha mashine.

Kipimo cha macho kina mipaka yake hata kwa wenye umri unaofaa, kwani hutegemea jicho na uzoefu wa anayepima. Jaribio kubwa lililofanyika wilaya ya Osmanabad nchini India, eneo la wakulima linalokumbwa na ukame kama ilivyo sehemu kubwa ya Usukuma, liliwahusisha wanawake zaidi ya 130,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 59, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa kupima virusi vya HPV mara moja tu kulipunguza vifo kwa takriban nusu, wakati raundi moja ya kipimo cha macho haikuonyesha upungufu wa kutegemewa. Mjini Mumbai, ambako wanawake walipimwa kwa macho mara kwa mara kila baada ya miaka miwili, vifo vilipungua kwa asilimia 31. Kipimo cha macho, kwa hiyo, hufanya kazi kikirudiwa, na kumrudisha mwanamke wa wilaya ya Itilima au Meatu kituoni kila baada ya miaka mitatu ni kazi ngumu. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza kupima virusi, angalau mara mbili katika maisha, kufikia umri wa miaka 35 na tena miaka 45. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba nyuma ya pazia bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu, na mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kusoma sampuli hizo. Gharama yake ni kwamba majibu huja baadaye, na mwanamke mwenye virusi lazima atafutwe na kurudishwa kwa matibabu. Mpango wa kupima virusi usio na mtu wa kuwafuatilia wenye majibu mabaya utazalisha takwimu nzuri na wagonjwa wale wale.

Jambo moja huitofautisha Simiyu na maeneo ambako miongozo mingi iliandikwa. Kichocho cha mkojo kimeenea Maswa, Meatu, Itilima na Bariadi, kikiletwa na konokono wanaoishi kwenye malambo na mashamba ya mpunga, na mayai ya minyoo ya kichocho hayaishii kwenye kibofu, bali hukwama pia katika kuta za uke na mlango wa kizazi, ambako husababisha mabaka yenye chembechembe kama mchanga, uchafu ukeni, maumivu na damu wakati wa kujamiiana. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa na hufanana na za saratani, hivyo mwanamke anaweza kutibiwa kisonono ambacho hana, akagombana na mumewe kwa ugonjwa usiotoka kwa mwanamume yeyote, au akaambiwa ana saratani wakati alihitaji dawa ya prazikwanteli. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi, yaani kuamini kuwa damu ni ya kichocho na kuacha kuchukua kinyama, ambacho ni kipande kidogo cha nyama kinachopelekwa maabara kuchunguzwa kwa hadubini. Mwanamke huweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Ukitazama ni nani hasa wanaopimwa, taswira ni ya kushangaza kidogo. Mwanamke anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ni takriban mara sita ya mwingine, huhudhuria kliniki ya huduma na matunzo mara kwa mara, na miradi ya VVU imeingiza uchunguzi wa mlango wa kizazi katika ratiba hiyo, hivyo yeye ana nafasi nzuri ya kufikiwa. Jirani yake asiye na VVU, mwenye miaka 47 na watoto wanane, hana mlango wa kuingilia. Kliniki za mkoba, ambapo wahudumu huhamia kijijini kwa siku chache, humfikia pale zinapopangwa vizuri, lakini kumwita wakati wa palizi au wakati wa kuchuma pamba ni kuita viti vitupu. Miezi baada ya pamba kuuzwa ingefaa zaidi, kwani kazi imepungua na nauli ipo. Njia nyingine iko shuleni. Tanzania ilianza chanjo ya HPV kitaifa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, uamuzi ulioegemea ushahidi uliotoka pia jirani kabisa na Simiyu, kwa kuwa utafiti wa wasichana 930 jijini Mwanza ulionyesha kuwa dozi moja hujenga kinga inayodumu. Chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwishaingia, na binti aliyechanjwa mwaka 2018 atafikisha miaka 30 mwaka 2034, kwa hiyo haimsaidii mama yake. Hata hivyo barua ya chanjo inayopelekwa nyumbani ingeweza kumwalika mama huyo kupimwa, na ni vigumu kuona kwa nini hilo halijawa jambo la kawaida.

Saratani ikishaanza, dalili ya kawaida ni damu isiyo ya hedhi, hasa baada ya kujamiiana, au majimaji yenye harufu kali, na baadaye maumivu ya kiuno na nyonga, kuvimba mguu na mkojo kupungua. Kwa wanawake wa umri wa kati kuna mtego wake: aliyekoma hedhi mwaka mmoja au miwili iliyopita akiona damu, hudhani siku zake zimerudi, na wapo wanaolipokea jambo hilo kama dalili ya ujana. Damu yoyote baada ya ukomo wa hedhi inahitaji uchunguzi wa hospitali. Wengine huanzia kwa mganga, si kwa ujinga, kwa vile mganga yuko karibu, anazungumza Kisukuma, hamvui mtu nguo na hukubali kulipwa kidogo kidogo.

Kutoka hapo njia hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata, Bariadi, na kuelekea hospitali ya Bugando jijini Mwanza kupitia Lamadi na Magu. Daktari hupanga ugonjwa katika hatua nne: ya kwanza ukiwa ndani ya mlango wa kizazi, ya pili ukivuka kidogo kwenda sehemu ya juu ya uke au tishu za jirani, ya tatu ukifika ukuta wa nyonga, sehemu ya chini ya uke au kuziba mirija ya mkojo, na ya nne ukiingia kwenye kibofu, utumbo au viungo vya mbali. Hatua ya mwanzo hutibika kwa upasuaji wa kutoa kizazi pamoja na tishu na tezi zinazokizunguka. Kuanzia hapo, tiba ni mionzi ya nje, kwa kawaida siku tano kila wiki kwa muda wa wiki tano hivi, ikiambatana na dripu ya dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa kwa muda mfupi ndani ya uke na kizazi ili kuupiga uvimbe kwa karibu. Tiba yote inapaswa kukamilika ndani ya takriban wiki nane, kwani kila kuchelewa hupunguza uwezekano wa kupona. Damu lazima iwe ya kutosha, kwa kuwa uvimbe wenye upungufu wa oksijeni hukaidi mionzi, na figo zilizozibwa haziwezi kustahimili sisplatini, hivyo mwanamke aliyevuja damu miezi sita nyumbani hufika akiwa amepoteza sehemu ya tiba kabla hajaianza. Kwa miongo kadhaa mionzi ilipatikana Ocean Road pekee, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Kuwepo kwake Bugando kumeifupisha safari, lakini wiki nane za malazi na chakula Mwanza bado huuza ng'ombe.

Kupona baada ya mionzi hakulingani na kupona baada ya tiba mgando, na wagonjwa wengi hawaelezwi tofauti hiyo. Mionzi huzima ovari, hivyo mwanamke wa miaka 42 huingia ukomo wa hedhi kwa ghafla, pamoja na joto la mwili, kukosa usingizi na mifupa kudhoofika. Kuhara na kukojoa kwa maumivu hupungua kwa wengi baada ya wiki chache, ingawa wapo wanaotokwa na damu kwenye haja kubwa au mkojo miezi mingi baadaye, na jambo hilo linahitaji kuchunguzwa lisichukuliwe moja kwa moja kuwa saratani imerudi. Uke hukakamaa na kujifunga kama hauzuiwi, kwa hiyo wauguzi hufundisha matumizi ya kifaa laini cha kuupanua mara kadhaa kwa wiki, au kurejea kujamiiana taratibu kwa kutumia kilainishi pindi kidonda kinapopona. Katika nyumba ya wake wawili au watatu mazungumzo hayo ni mazito, kwani mume huweza kuhamia kwa mke mwingine kwa kuamini kwamba saratani huambukiza au kwamba mionzi imebaki mwilini mwa mgonjwa, na yote mawili si kweli. Mashauri yanayomwita mume hospitalini kabla ya matibabu kuisha huokoa mengi. Aliyetolewa tezi za nyonga au kupigwa mionzi hapo huweza kuvimba mguu kwa kujaa maji, na mguu huo haupaswi kushinda shambani ukichubuliwa na mabua bila kiatu.

Baada ya matibabu mgonjwa huchunguzwa kila baada ya miezi mitatu au minne kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, kwa kuwa saratani nyingi zinazorudi hurudi katika miaka miwili ya mwanzo. Uchunguzi huo ni wa kuuliza dalili na kupima kwa mkono na macho, kazi ambayo daktari wa magonjwa ya wanawake aliyeko Bariadi anaweza kuifanya na kuwasiliana na Bugando pale anapotilia shaka, na pasipo mpango huo wanawake huhudhuria mara ya kwanza na ya pili, kisha nauli ya Mwanza huwashinda. Kwa yule ambaye ugonjwa umerudi au ulikutwa hatua ya nne, morfini ya maji inayonywewa nyumbani hutuliza maumivu bila kulazwa, mradi ipatikane katika hospitali ya wilaya yake na mradi daktari wa huko asiogope kuiandika.